Maharagwe, Makaa na Hesabu ya Mama wa Nyumba

Na Karani wa Gatwekera, Nairobi

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi makarani ambao mshahara wenu huingia mwisho wa mwezi na kutoweka kabla ya tarehe kumi, leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyoshindwa hesabu nyumbani mwangu mwenyewe. Kazi yangu katika serikali ni kukagua vocha. Kutwa nzima natafuta makosa katika hesabu za watu wengine, na nikiyaona nayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Lakini mwaka 2024 mke wangu, ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule ya sekondari, alinipigia mimi mstari mwekundu, tena kwa haki.

Twakaa Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, kwenye mteremko ulio chini ya reli iendayo Kisumu. Chumba chetu ni cha futi kumi kwa kumi, kama vilivyo vingi vya mtaa huu, na ndani yake watu watano twapika, twala na kulala. Sioni haya kulisema jambo hili. Wako wanaodhani kwamba karani wa serikali hawezi kukaa Gatwekera. Hao hawajapata kuiona hati ya mshahara wa karani mdogo baada ya makato yote.

Binti yetu wa kwanza alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2023, nao ndio uliokuwa wa mwisho wa aina yake katika Kenya. Januari 2024 akaingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Sanduku, godoro, sare na karo ya muhula wa kwanza vilimaliza akiba yetu yote, na kilichopungua nilikikopa kwa simu. Mkopo wa simu ni rahisi kuupata kuliko kuazima chumvi kwa jirani, lakini jirani hakutozi riba, wala hakutumii ujumbe usiku wa manane kukukumbusha chumvi yake. Nilipomaliza kuulipa niliapa kwamba karo ya muhula wa pili haitatoka huko. Zilihitajika shilingi 12,000 kabla ya Aprili kwisha.

Kwa hiyo Jumapili moja mwanzoni mwa Februari nililifungua daftari la matumizi ya nyumba nikaanza kulikagua kama nikaguavyo vocha. Haukupita muda nikaona jambo lililonikasirisha. Mke wangu alikuwa akinunua maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa kwa mama mmoja mwenye sufuria kubwa kando ya njia, vikombe sita kila mara, mara mbili kwa juma, kikombe kimoja shilingi 20.

"Mama watoto," nikasema, "kilo ya maharagwe makavu ni shilingi 160. Nusu kilo ni shilingi 80, nayo ikichemka yatoa hivyo hivyo vikombe sita. Wewe walipa shilingi 120. Hizi 40 twamtunukia mama yule kwa sababu gani?"

Alinitazama kidogo, kisha akajibu kwa upole, "Sawa, Baba. Nitachemsha mwenyewe. Ila hilo daftari niachie mimi."

Nikaona nimeshinda. Nilipokuwa katika shule ya misheni tulikula maharagwe siku sita za juma, na siku ya saba tukala tena yaliyobaki, hivyo nilijiona mtu ajuaye habari zote za maharagwe. Nilikuwa nimesahau kwamba kule shuleni kuni zilitoka msituni, nasi wanafunzi ndio tuliozibeba bila malipo.

MAKAA NAYO HULIWA

Mwisho wa mwezi mke wangu aliniletea daftari. Mwandiko ulikuwa wake, na kila mpishi ulikuwa umeandikwa kwa namna moja: maharagwe nusu kilo, 80; makaa mkebe mmoja, 100; jumla 180. Chini yake akaandika: ya kununua, 120. Mara nane kwa mwezi, kila mara hasara ya shilingi 60. Amri yangu ya kubana matumizi ilikuwa imetugharimu shilingi 480.

Maharagwe makavu yasiyolowekwa yataka moto wa karibu saa tatu. Katika Gatwekera moto haupatikani bure. Hakuna kuni za kuokota, na kila kinachowaka hununuliwa kwa mkebe, kwa chupa au kwa mtungi. Yule mama wa kando ya njia huchemsha kilo nyingi kwa moto mmoja, na moto wake hugawanyika kwa vikombe mia na zaidi. Mke wangu alikuwa akiwasha moto mzima kwa ajili ya vikombe sita. Basi mama yule hakuwa akitunyonya hata senti. Alikuwa akituuzia moto kwa bei ya jumla, na maharagwe juu yake.

Wasomaji wa mashambani huenda wakatucheka, lakini na wafikiri jinsi bei ya moto ilivyopanda mjini. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, na makaa yakawa ghali. Mwaka huo huo mafuta ya taa yalitozwa shilingi 18 zaidi kwa kila lita, ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Kusudi lilikuwa kuwapata walaghai wa dizeli, lakini aliyelipa alikuwa ni mama anayenunua mafuta ya shilingi 20 katika chupa ya soda.

Msaada mkubwa tulio nao ni lile jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani. Jiko hili lilianza kuenea katika Kenya miaka ya 1980. Umbo lake liliigwa kutoka jiko la Thailand, na mafundi wa jua kali wa Nairobi, hasa wale wa Shauri Moyo, wakalifanya kuwa la kwetu. Udongo ule huzuia joto lisipotee pembeni, na mtu alitumiaye vizuri huokoa theluthi ya makaa au zaidi. Lakini lazima kikombe kiwe kizima. Chetu kilikuwa na ufa wa kidole kizima, nami sikuwa nimeutambua, kwa kuwa sikuwa nimepata kulisafisha jiko lile hata siku moja.

SUFURIA MOJA, NYUMBA TATU

Sikutaka turudi kununua tu. Nilikuwa nimeaibika, na mtu aliyeaibika hutafuta njia ya tatu. Njia yenyewe hata hivyo haikutoka kwangu. Katika ploti yetu wako akina mama wawili ambao milango yao yatazamana na wetu, na wote walikuwa na shida ile ile. Walipozungumza wakifua nguo, wakakubaliana kwamba watapika sufuria moja kwa nyumba tatu, kilo moja na nusu, kwa zamu.

Usiku maharagwe hulowekwa. Asubuhi maji yale humwagwa, na maharagwe hutiwa maji mapya na kuwekwa kwenye moto mkali. Yakiisha kuchemka kwa nguvu kwa nusu saa, sufuria hufunikwa, huondolewa motoni na kuingizwa mara hiyo hiyo ndani ya kikapu. Kikapu chenyewe ni cha kawaida cha sokoni, kilichopita sufuria kwa vidole vinne kila upande, na nafasi hiyo imeshindiliwa vitambaa vikuukuu na masweta yasiyovalika tena. Juu yake huwekwa mto uliojaa vitambaa vile vile. Humo sufuria hukaa saa nne, nayo huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe bila hata kaa moja. Asiye na subira akifunua kuchungulia, joto hutoka na kazi huharibika. Mimi nilifunua mara moja, nami nilikemewa na nyumba zote tatu.

Lakini nawaonya kwa jambo moja. Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili, nayo haifi kwa joto la kikapu. Hufa kwa kuchemka. Yasiingizwe kikapuni kabla ya kuchemka sana, kwa mapovu, kwa dakika kumi kamili au zaidi. Na wakati wa baridi msilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata likionekana limefifia. Hewa yake haina harufu wala rangi, nayo huwaua watu wakiwa usingizini.

Hesabu ya sufuria hiyo ni hii: maharagwe shilingi 240, makaa nusu mkebe shilingi 50, jumla 290. Hupatikana vikombe kumi na vinane, sita kwa kila nyumba, na kila nyumba hulipa karibu shilingi 97. Tofauti na yale ya kando ya njia ni shilingi 23 tu. Sisemi kwamba ni fedha nyingi. Na isitoshe, mpango huu wawafaa watu wanaoaminiana, kwa maana siku ambayo mmoja atasema kikombe chake hakikujaa, sufuria itavunjika bila kuanguka.

Maharagwe hayo, wengi huyachanganya na mahindi yakawa githeri. Kwetu hupendwa zaidi yakikaangwa kwa kitunguu na nyanya mbili, yakaliwa kwa ugali wa unga wa kusagisha. Unga huo una pumba zake, nao hushibisha upesi kuliko ule mweupe wa pakiti. Siku za omena mke wangu hulichambua dagaa hilo la Ziwa Victoria, akaliosha kwa maji ya moto kuondoa mchanga na uchungu, akalikaanga kavu kabla ya kutia nyanya. Mikebe midogo miwili hutosha watu watano, na watoto hutafuna mpaka mifupa, ambayo ndiyo yenye faida kwa meno yao.

KUNUNUA KIDOGO KIDOGO

Jambo jingine nililotaka kulikomesha ni ununuzi wa kupima. Katika mtaa wetu mafuta ya kupikia huuzwa kwa kipimo kidogo cha shilingi 20. Nilipima kwa chupa ya dawa nikaona ni kama mililita 50, yaani lita nzima kwa njia hiyo ni shilingi 400, ambapo chupa ya lita dukani ilikuwa shilingi 280. Sukari, majani ya chai na sabuni, vyote mwendo wake ni huo huo. Maskini hulipa zaidi kwa kitu kile kile, kwa sababu tu hana fedha za kukinunua kwa wingi.

Watu wenye elimu hupenda kuwalaumu akina mama kwa desturi hii. Mimi nimeacha. Jirani yetu hufanya kibarua cha kufua huko mitaa ya wenye nacho, naye hulipwa jioni. Shilingi 280 za mafuta peke yake angezitoa wapi, na bado hajanunua unga? Na hata kwetu sisi wenye mshahara mambo si rahisi kama yaonekanavyo katika karatasi. Mwezi Machi nilinunua chupa ya lita tatu kwa fahari kubwa, nayo ikaisha siku zile zile ambazo kipimo kingetulisha, kwa sababu kila aliyekaanga alimimina bila kutazama. Mke wangu akasema, "Chupa kubwa haijui kusema basi." Sasa mafuta hununuliwa kwa chupa, lakini kila asubuhi hutolewa kijiko kwa kijiko katika kichupa kidogo, na kichupa kikiisha ni mpaka kesho. Hapo ndipo faida ilipoanza kuonekana.

Maji nayo twayanunua, mtungi wa lita ishirini kwa shilingi 5 siku za kawaida, na bei hupanda mifereji ikikauka. Chama cha SHOFCO, kilichoanzishwa hapa Kibera mwaka 2004, kilijenga mnara wa maji na kupitisha mabomba juu kwenye nguzo, kwa sababu mabomba ya chini hukatwa na kuingiwa na maji machafu. Hata hivyo mtungi ni mtungi, na mwenye bomba nyumbani kwake hajui kuhesabu maji kwa mitungi. Kwetu maji ya kuoshea mchele hayamwagwi. Huenda kwenye gunia.

Gunia hilo li mlangoni, nalo lina habari yake. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, chakula kilipokuwa adimu na ghali katika Kibera, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités liliwafundisha watu wengi kulima mboga ndani ya magunia. Mkebe usio na kitako huwekwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, udongo uliochanganywa na samadi humwagwa kuuzunguka, kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya kokoto isimame katikati. Maji hupitia kokotoni na kuufikia udongo wote. Sukuma wiki hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Udongo usichukuliwe mtaroni, maana kilichomo mtaroni kila mtu akijua. Gunia letu lina miche ishirini na mitano, nalo hutupa mboga ya usiku mmoja au miwili kwa juma. Sitawadanganya kwamba limetutajirisha, lakini ni mboga ambayo mama mboga hatuandikii katika kitabu chake cha madeni.

UKURASA ULIOKOSEKANA

Sasa narudi kwenye ule usiku wa mwisho wa Februari, kwa kuwa sijawaeleza yote. Baada ya kunionyesha hasara ya maharagwe, mke wangu alifunua ukurasa mweupe akaniuliza, "Na wako uko wapi, Baba?"

Nikamwuliza ukurasa gani. Akasema, "Unga umeandikwa, chumvi imeandikwa, hata kiberiti kimeandikwa. Wewe wala wapi mchana?"

Nilijaribu kusema kwamba hayo ni mambo ya kazini. Kisha nikachukua kalamu. Chai na mandazi saa nne, shilingi 40. Chakula cha mchana katika kibanda cha nyuma ya ofisi, shilingi 150. Jumla 190 kwa siku, siku ishirini na moja kwa mwezi: shilingi 3,990. Kwa miaka kumi na miwili ya kazi sikuwa nimepata kuandika hesabu hiyo mahali popote. Nilikuwa nimemfokea mtu kwa ajili ya shilingi 40 za maharagwe, hali mimi mwenyewe nalila tundu la ndoo.

Tangu Machi mosi nachukua chakula cha nyumbani ndani ya mkebe wenye kifuniko. Siku za kwanza niliona haya kuufungua mbele ya wenzangu, nikawa nakula nikiwa nimeugeuzia mlango mgongo. Mzee mmoja wa masijala akanusa githeri, akavuta kiti, akaomba kijiko. Kufika Aprili tulikuwa makarani wanne wenye mikebe. Chakula changu cha mkebeni kilituongezea gharama ya shilingi 40 kwa siku, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa shilingi 150 kila siku ya kazi. Nilijaribu pia kuacha basi na kutembea asubuhi na jioni, lakini soli zilikwisha kwa mwezi mmoja na fundi wa viatu akazila zile nauli. Siku hizi natembea jioni tu.

Kisha ikaja mvua ya Aprili, ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa huzuni. Mafuriko yale ya mwaka 2024 yaliua watu na kubomoa nyumba sehemu nyingi za Kenya, na hapa kwetu walioteseka zaidi ni waliokaa karibu na mto. Makaa yalilowa, na mkebe ukapanda hadi shilingi 120. Shule, zilizokuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili, ziliahirishwa mpaka tarehe 13 Mei. Kwetu mambo hayo yalikuwa na pande mbili: tulipata majuma mawili zaidi ya kukusanya karo, na majuma mawili zaidi ya kumlisha binti mwenye umri wa miaka kumi na minne, ambaye hula kama baba yake.

Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa tulimwaga fedha mezani. Za mkebe wangu zilikuwa shilingi 7,500. Za mafuta, sukari na maharagwe, 1,100. Mchezo wa akina mama ulikuwa umemfikia mke wangu mwezi huo, akapokea 3,000. Zikawa 11,600. Zilipungua 400.

Nakiri mbele yenu kwamba nilichukua simu. Mke wangu hakusema neno. Alitoka nje, akasimama na wale akina mama wawili kando ya gunia, nami nikasikia wakizungumza kwa sauti ndogo na kucheka. Aliporudi alikuwa na noti nne za shilingi mia mia, mia mbili kutoka kila mlango. Hawakutaka riba wala siku ya kulipa. Walitaka sufuria mbili za juma lililofuata, pamoja na makaa yake, zote ziwe juu yetu.

Binti yetu alipanda gari Jumatatu alfajiri. Jumanne nilipolifungua daftari nilikuta mstari mmoja kwa mwandiko wa mama yake: "Deni, sufuria mbili." Na usiku huo zamu ya kuloweka ilikuwa yangu.